Mume Wangu Kazima Kiyoyozi Harusini

Kwa Mwalimu Haitham,
Darasa la Umeme la Jioni,
Jang'ombe.

Mwalimu mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni Bi Mayasa, mke wa mwanafunzi wako Bwana Usi, yule mstaafu anayekaa mbele kwa sababu ya macho. Nakuandikia kwa adabu zote kukulalamikia kwamba umemfundisha mume wangu, naye ameelewa.

1. Ulipomfundisha kugawa volti kwa ampea, alinipokonya pasi. Akaipima kwa mita yake, akagawa 230 kwa tano, kisha akanitazama kwa huruma. "Mayasa, pasi yako ina ukinzani wa omu arobaini na sita." Nikamuuliza kama unatibika.

2. Ulipomfundisha kuzidisha, mambo yakazidi kweli. Bi Zuleikha na jamaa zake walitoka Kiwengwa kuja kumposea kijana wao binti yetu Ummy. Nikawasha birika la umeme. Bwana Usi akazidisha mbele ya wageni: volti 230 mara ampea nane, wati 1,840. Akaeleza kuwa Ummy alikuwa chumbani anapiga pasi, na pasi na birika kwa pamoja zinavuta ampea kumi na tatu, ilhali ekstensheni yetu inahimili kumi tu. Akachomoa birika. Bi Zuleikha aliuliza, kwa upole kabisa, kama nyumba hii chai na nguo hupokezana zamu.

3. Posa ilipita, Alhamdulillahi. Alhamisi iliyopita ikawa harusi ya wanawake, ukumbini Kiembe Samaki. Kiyoyozi cha kukodi, birika la wapishi na spika za mwimbaji vyote vilichomekwa kwenye ekstensheni moja aliyokuja nayo Bi Zuleikha. Bwana Usi, asiye na ruhusa ya kuingia kwa wanawake, alisimama mlangoni, ilipolazwa ekstensheni hiyo, akajumlisha: saba, nane na mbili, ampea kumi na saba kwenye waya wa kumi. Akatuma salamu kwamba tuchague cha kuzima. Hatukuchagua. Akachagua kiyoyozi, akakichomoa, kwa kuwa chai alikuwa akiingoja yeye.

Mwalimu, wanja ulitiririka mpaka shingoni. Bi harusi alionekana kama kapewa habari za msiba. Bi Zuleikha alisema mbele ya watu kuwa baba huyu haitaki ndoa hii. Mpaka leo hapokei simu yangu, na Ummy yuko kwetu analia.

Kwa hiyo nakuomba umsahaulishe. Anza na kugawa. Kuzidisha mwachie, kunamfaa sokoni. Ikishindikana, mfelishe mtihani, maana cheti akikipata atakitundika sebuleni, na hatutaruhusiwa kuwasha taa ya kukitazamia.

Nisalimie mkeo na wanafunzi wote. Wake zao wape pole.

Mimi niliyekaa jotoni kwa hesabu sahihi,
Bi Mayasa

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Bi Zuleikha kapiga simu. Jana, kwake, alichomeka vyombo vyake vyote vya umeme kwenye ekstensheni ile ile. Waya uliyeyuka, pazia likashika moto, na wajukuu wamelala chumba cha pili. Walizima swichi kubwa, wakamwaga mchanga, hakuna aliyeumia. "Mwambie Bwana Usi aje na mita yake," alisema. Keshaondoka, na Ummy kafuatana naye.

Mimi nimebaki na friji. Volti 230 mara ampea moja na nusu nimepata wati 345. Bwana Usi asubuhi alipata 335. Nijibu nani kapatia, ila yeye usimwambie. Na darasa lako, wanawake mnapokea?