Siku ya Vyungu Kisiwani na Mama Mkwe Wangu

Leo nimejiaibisha mbele ya wamama kumi na mmoja. Padri hakuwepo, namshukuru Mungu kwa hilo tu. Nasimulia mwenyewe kabla video haijawafikia, kwa sababu Mama Chantal alikuwa ameshika simu, na Mama Chantal hajawahi kuwa na siri.

Mnajua kwamba wiki hii mama mkwe wangu alikuwa anaamua atakaa wapi. Tangu vita imtoe Masisi anaishi Ndosho, hapa hapa Goma, kwa mtoto wake mkubwa, na nyumba ile imejaa. Sisi hapa Majengo tuna chumba kitupu. Nilimtaka mama kwa moyo wote. (Mama yangu mzazi alifia njiani tulipokuwa tunakimbia, nikiwa msichana. Tangu hapo sina mtu wa kumwita mama nyumbani.)

Sasa, kule Ndosho kuna Mama Asifiwe, mke wa shemeji yangu huyo. Vita ilipoingia mjini, Mama Asifiwe alibeba watoto wake wanne akakimbia, akamwacha mama mkwe kitandani. Baadaye alirudi kumchukua. Lakini hiyo sehemu ya kurudi mimi sikuwa naisimulia. Nilisimulia ya kwanza tu, kanisani, sokoni Birere, hata kwenye foleni ya maji.

Kwa hiyo shirika letu la parokia lilipopanga safari ya siku moja kwenye vile visiwa vidogo vya Ziwa Kivu, upande wa Idjwi, ambako wanawake wanafinyanga vyungu, nikamwambia mama twende. Nilimnunulia kikwembe kipya cha kujifunga. Nilimtafutia nafasi katikati ya boti ili asirushiwe maji. Nikakaanga sufuria nzima ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, maana anawapenda kuliko nyama. (Ndiyo, ilikuwa kampeni. Na nilikuwa naongoza!)

Tulifika salama. Mfinyanzi mkubwa wa pale, Mama Nzigire, alitupokea vizuri akatuonyesha kazi yake tangu udongo. Hana gurudumu wala mashine. Anazungusha udongo kwa vidole, anausugua kwa jiwe laini, na chungu kinatoka duara kabisa. Mama mkwe alifurahi kama mtoto. Alishika kimoja akaniambia kwamba kwao Masisi maharagwe yalipikwa kwenye chungu cha namna hii, akakaa nacho mapajani muda mrefu.

Kisha Mama Nzigire akapanga vyungu vikavu chini, akavifunika kwa nyasi na kuni, akawasha moto. Akasema hapo ni kusubiri. Sisi tukatandika mkeka nyuma ya kibanda chake, karibu na maji, tukafungua chakula. Moto hatukuuona tena, na mimi nikausahau.

Kinywa changu, jamani! Wamama wakaanza kuzungumza habari za vita, nani alikimbilia wapi, nani alipoteza nini. Mimi nikaingiza ya Mama Asifiwe. Mama mkwe aliangalia sahani yake. Ilifaa ninyamaze hapo. Badala yake nikamgeukia mbele ya wote, nikasema kwa sauti ya kwaya:

"Mama, njoo ukae kwetu Majengo. Vita ikikuya tena, miye njo nitakushika mukono wa kwanza."

Wamama wakapiga makofi. Mama mkwe akatabasamu, akasema basi, nafikiri nitakuja. Alisema hivyo, nilimsikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimeshinda.

Ndipo ikalia. Pwaa!

Mtu wa Goma hahitaji maelezo. Mlio wa kwanza unasikiliza, wa pili unalala chini. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua. Ikalia ya pili, pwaa, na ya tatu kwa nguvu zaidi. Wamama wote wakalala chini kama walivyofundishwa na maisha. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kazi moja tu duniani, kushika mkono wa mama. Ulishika sufuria.

Sijui niliinukaje. Nilijikuta ndani ya ziwa, maji kiunoni, sufuria ya sambaza kichwani, naelekea kwenye boti. Nikageuka nyuma. Wenzangu wako chini. Mama mkwe ameketi pale pale kwenye mkeka, kwa sababu goti lake halikunjuki haraka, na ananitazama.

Nikarudi.

(Subirini. Msinisifu bado.)

Nilitoka majini nakimbia. Mama aliponiona narudi, uso wake ulifunguka, akaninyooshea mkono. Nauona ule mkono mpaka sasa. Nikafika kwenye mkeka, nikainama mbele yake, nikachukua kifuniko cha sufuria, nikakimbilia majini tena.

Nawaapia sikupanga! Akili haikuwepo. Kitu fulani ndani yangu kiliniambia kwamba sambaza zitaingia maji, na mimi nikakitii.

Mama Nzigire akaja kutoka motoni na kijiti mkononi, akatutazama sote, waliolala na aliyesimama ziwani. Akasema polepole kwamba vyungu vitatu vimepasuka motoni, havikuwa vimekauka vizuri ndani. Ni kawaida. Akauliza kama kuna mtu ameumia.

Wamama wakacheka, wakacheka mpaka wengine wakalia kweli, kwa sababu kicheko cha namna ile kwetu kina machozi yake. Mimi nilibaki majini, Mama Chantal akinielekezea simu. Nilifunika sufuria yangu vizuri.

Kwenye boti nilikaa karibu na mama, nguo zikinichuruzika. Nilimwomba msamaha mara tatu. Hakukasirika, na hilo ndilo lilinimaliza. Alinipigapiga gotini akasema kwa upole:

"Solange, nitabakia Ndosho. Mama Asifiwe alirudia miye. Weye ulirudia kifuniko."

Nilifika bandarini nimekumbatia sufuria yangu.

Nilipofika nyumbani, kabla hata ya kubadilisha nguo, nikampigia Mama Asifiwe. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha kwa kila foleni ya maji niliyosimama nikimsema. Halafu akaniuliza nilifika wapi. Nikasema maji kiunoni.

"Miye nilifikaka mbali," akasema. "Saa nzima ya mbio, njo nikakumbuka kama mama alibakia. Ile saa siyisahau."

Mwishowe akasema nije Ndosho Jumapili, nikae na mama, na nisilete maneno.

Nitaenda. Kwa sasa naomba mtu yeyote asicheke. Na ukitaka kumwapia mtu kwamba hutamkimbia, iulize kwanza miguu yako. Ya kwangu haikuwa imeahidi chochote.