Seli za Hamira Zitanyooshwa Kinoo

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Waziri, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wa meza kuu. Waheshimiwa mliokosa viti. Wachungaji wetu watukufu. Nawe Daktari Munyiva, mtafiti wetu wa hamira, uliyeacha kazi yako nzuri kule Spring Valley ili uje uongoze maabara hii ya kisasa: itifaki yote imezingatiwa! (Makofi.)

Mimi, Clifford Wesonga, Katibu Mwandamizi wa Sayansi Tekelezi, mtu asiyependa kujisifu ingawa anastahili, nasimama hapa Kinoo kuwafahamisha, katika muktadha wa fremuweki shirikishi ya mastekholda, kwamba seli za hamira, ndiyo, hii hii ya mandazi, hata zikizaliwa na mama mmoja zikiwa na jeni zilezile, hazinakili jeni hizo kwa kiwango kimoja: hii inanakili mno, ile kidogo, na ndiyo maana moja hustahimili joto huku jirani yake akikata roho. (Minong'ono.) Msishtuke! Huo ni utovu wa nidhamu, nami nimeshaunda jopokazi, na kufikia Juni asilimia mia moja na nne ya seli zote zitanakili sawasawa! (Vigelegele. Daktari Munyiva ainua mkono.)

Enhe, Daktari, sema, lakini kwa ufupi.

(“Mheshimiwa, tofauti hiyo ndiyo inayoziokoa. Zikifanana zote, joto moja tu linazimaliza. Na tafadhali, friji ya maabara iko wapi? Kazi yangu ya miaka yote imo kwenye hiki kisanduku, na barafu inayeyuka.”)

Mnawaona wasomi wetu? Maswali tu! Dada yangu, tulia, serikali imekusikia. Friji iko awamu ya pili. Barafu nayo tungekuongezea, ila yote imeenda kwa soda za meza kuu. (Kicheko. Daktari Munyiva hacheki.)

Semeni nami: Hamira juu! (Juu!) Seli moja, tabia moja! (Moja!)

Nimalizie kwa kumshukuru Bwana Maina kwa kutuazima ukuta wa duka lake la mikate tutundike kibao cha maabara mpaka saa nane. Vijana, chomoeni hicho kibao cha uzinduzi polepole, kesho kinazinduliwa kule Karen. Na wewe Daktari, kabla seli zako hazijafa zote, hebu muombe Bwana Maina azitumie kuumua unga wa jioni. Asanteni sana.