Shikamoo, Mpinzani

Jumatatu, 16 Juni 2025

Nimeuawa kabla sijafanya lolote. Tena! Nilikuwa bado nafungua mfuko wa dawa.

Shajara ni mpya, kwa hiyo nieleze vizuri. Mimi ni Josephina Nyanda, kidato cha tatu. Niko likizo kwa shangazi Christina, Makanyagio. Mchana shangazi ananiachia simu yake kwa sharti moja: nikae barazani nilinde mahindi yaliyoanikwa, kuku wasiyale. Nalinda. Na huku nalinda, nacheza gemu linaloitwa Ngome ya Shaba, watu watatu dhidi ya watu watatu. Dada Dorika, binti wa shangazi, ndiye kapteni wetu. Yeye ana upanga. Ezekia, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, ana ngao. Mimi ni mponyaji. Wenzangu wakiumia nabonyeza kitufe cha kijani, wanapona. Kazi nzuri sana. Nataka kuwa daktari, na daktari lazima aanzie mahali.

Shida ni kwamba kila adui anajua kuwa ukimmaliza mponyaji kwanza, waliobaki ni mboga. Kwa hiyo wote watatu wananikimbilia mimi. Hata salamu hakuna!

Leo pia nimemponya adui. Alikuwa amelala karibu yangu, damu inamtoka. Mwalimu Theopista, anayetufundisha huduma ya kwanza shuleni, husema tuanze na majeruhi aliye karibu. Nikaanza naye. Akaamka, akanishukuru kwa shoka.

Ezekia akasema hata kifaranga hafi kirahisi hivi. Lusia wa nyumba ya nyuma, ambaye hupukuchua mahindi nasi na ambaye anaitaka nafasi yangu, akanipa pole kwa sauti ya msibani.

Jumamosi tunapigana na Mpunga Mweupe, kikosi cha kule Mamba. Dorika amesema wazi: tukishindwa kwa sababu yangu, mponyaji ni Lusia. Tukishinda, jina langu linaandikwa chini ya la Dorika kwenye bendera ya kikosi. Nimelijaribu hapa pembeni ya ukurasa. Linakaa vizuri.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata mbinu! Kama adui wanamtafuta mponyaji, basi wasimwone mponyaji. Nimemvua mtu wangu kanzu nyeupe, nimemvika chuma kuanzia kichwani hadi miguuni. Kofia yenye pembe. Anatisha. Mimi mwenyewe niliogopa kidogo.

Mbinu imefanya kazi. Adui wamenipita kama mti! Nikaenda kumponya Ezekia. Tatizo: sikuwa nimewaambia wenzangu. Ezekia akageuka, akaona jitu la pembe linamfuata, akatimua mbio. Nikamfuata nimponye. Akazidi kukimbia. Tukazunguka ngome yote, yeye anavuja damu, mimi nyuma yake na dawa mkononi. Kwa sababu ya uzito wa chuma sikumfikia. Mwishoni akaona bora ajirushe kwa adui.

Tulikuwa tumekaa benchi moja. Angeniuliza tu! Lakini alikuwa anapiga kelele kwamba kuna mtu anataka kumtoa roho, na mimi nimefundishwa nisimkatize mkubwa anapozungumza.

Dorika ameniamuru nirudishe kanzu. Kuku wamekula mahindi ya upande wa kushoto.

Jumatano, 18 Juni

Mbinu ya pili. Nguzo! Katikati ya ngome kuna nguzo nene ya mawe. Adui akija kulia, mimi nakwenda kushoto. Akija kushoto, nakwenda kulia. Mshale haupiti kwenye jiwe.

Dawa nayo haipiti kwenye jiwe. Hilo nimelijua baadaye.

Ila sikufa! Mara ya kwanza tangu nianze. Ezekia akafa, Dorika akafa huku akiita jina langu, na mimi nikabaki nyuma ya nguzo, mzima kabisa, uhai umejaa, dawa zote mfukoni. Nikamwambia Dorika kwa furaha kwamba leo hakuna aliyeniweza. Akaiweka simu yake juu ya mahindi taratibu, akaitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza hospitali nitakayofanya kazi nitakuwa najificha nyuma ya nini. Nadhani hospitali zina nguzo.

Lusia amesema kwa upole kwamba kama nimechoka, yeye yupo. Amesema hivyo akipukuchua hindi moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kuliangalia. Ana mikono myepesi. Inanitia wasiwasi.

Alhamisi, 19 Juni

SIKU KUBWA!

Leo tulipangiwa kikosi ambacho mkubwa wao anajiita Mzee wa Kabungu. Baba na ng'ombe wetu wako Kabungu. Wazee wote wa Kabungu wanamjua baba. Yule mzee akanijia na rungu, amelinyanyua kabisa, na mimi nikawaza jambo moja tu: nikimpita mtu mzima bila kumwamkia, baba atasikia. Mikono ikaandika yenyewe: "Shikamoo."

Akasimama. Rungu juu! Halafu kwenye kioo yakatokea maneno: "Marahaba mwanangu, hujambo, wazima huko"

Hakumaliza. Mtu anayeandika hawezi kupiga rungu. Dorika alikuwa nyuma yake.

Tukatazamana, mimi na Dorika na Ezekia. Tukaingia tena. Kikosi kingine. "Shikamoo, mpinzani." (Naweka koma na nukta. Mwalimu Theopista anasema haraka si sababu ya kuandika ovyo.) Kijana mwenye mikuki miwili akasimama katikati ya daraja kujibu. Akaangushwa mtoni. Kikosi kingine tena. Hivyo hivyo! Kumbe hakuna mtu wa huku anayeweza kuiacha shikamoo inaning'inia. Wanaona mama zao wamewasimamia nyuma.

Niliogopa kidogo kwamba ni dhambi. Nimefikiri. Mimi nawasalimia kwa moyo wote, nataka kweli wawe wazima. Anayewaua ni Dorika. Kila mtu na kazi yake.

Nikiandika shikamoo magoti yananikunjika yenyewe, kwa mazoea ya nyumbani. Shangazi amerudi sokoni akanikuta napiga goti mbele ya mahindi. Ameuliza kama nina homa.

Dorika ameniita mponyaji wetu. Wetu!

Ijumaa, 20 Juni

Tumeshinda mechi zote. Nimeboresha mbinu. Adui mwenye jina la Kisukuma nampa salamu ya kwao, "Mwadila", halafu namuuliza habari za ng'ombe. Huyo hamalizi leo! Ataanza na madume, aje kwenye ndama, na Ezekia anakuwa keshamfikia na ngao. Mmoja alikufa akinieleza ugonjwa wa jike lake. Nilimwandikia pole. Sijui kama aliiona.

Jambo lingine jema: Lusia amebadilika! Amekaa karibu nami mchana mzima, anauliza maswali kama mwanafunzi mzuri. Ameuliza, je, kama anayesalimiwa ni mtu wa kuogopwa, itakuwaje? Nikamweleza yote. Nikamwambia mtu pekee duniani anayenifanya nisimame wima ni Mwalimu Theopista. Hata nikimsikia redioni ningesimama. Na mpaka aseme kaa, sikai. Mwaka jana aliingia darasani, akaitwa ofisini kabla hajasema tukae, na darasa zima likasimama mpaka kengele ya chakula. Wengine walikaa, kweli. Mimi sikukaa.

Lusia amesema hiyo ni nidhamu nzuri sana. Ameuliza mwalimu huyo kwao ni wapi. Nikamwambia Mamba, na likizo hii yuko huko kwa mama yake. Akasema ahaa. Kisha akawa anaandika ujumbe mrefu kwenye simu yake, anatabasamu. Mjomba wake Maiko yuko Mamba, ana mashine ya kukoboa mpunga, na Lusia anasema wanapendana sana.

Nimempa karanga zangu zote. Kumbe mtu ukimtendea wema, wivu unaisha.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwa taabu. Ni hivi.

Saa kumi alasiri. Baraza limejaa. Shangazi mwenyewe amevuta kigoda. Dorika amefunga kitambaa kichwani. Ezekia amefunga karakana, na mteja mwenye baiskeli isiyo na gurudumu amekuja naye kuangalia. Lusia kakaa nyuma na bakuli la mahindi.

Mpunga Mweupe wakaingia. Mponyaji wao anajiita Bibi wa Pumba, kanzu kama yangu. Wakaja. Nikasubiri wafike karibu. Nikaandika: "Shikamoo, mpinzani."

Bibi wa Pumba akajibu haraka, kama aliyekuwa na maneno tayari:

"Marahaba, Josephina Nyanda. Ni mimi Mwalimu Theopista. Kazi ya likizo umemaliza?"

Nikasimama.

Sikuamua. Miguu iliamua. Simu nikaiweka juu ya mahindi, kwa sababu kwa mwalimu hatuingii na simu. Mikono nyuma. Nikasema kwa sauti, barazani, mbele ya watu: Shikamoo, mwalimu! Mteja wa Ezekia akaitikia marahaba. Hakujua la kufanya, maskini.

Dorika akapiga kelele nimponye. Nikamwambia kwa pembeni ya mdomo kwamba siwezi, hajasema nikae. Akauliza nani. Nikamwonyesha simu kwa kidevu. Ezekia akalia kwamba ngao imepasuka, nyie, ngao imepasuka! Shangazi akauliza huyu mtoto kasimama nini kama mlingoti. Nikaangalia mbele. Nilijua kabisa kwamba tunashindwa. Nilijua bendera inaondoka na jina langu. Nilitaka kukaa. Lakini mwalimu hajasema!

Dorika akainuka anivute chini kwa sketi. Ndipo alipochomwa mkuki, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye sketi yangu.

Wakati huo kuku mweupe wa shangazi alipanda kwenye mahindi, akakanyaga kioo cha simu yangu. Kitufe cha kijani kikawaka. Ulikuwa uponyaji wetu pekee wa siku nzima. Alimponya adui. Yule aliyekuwa karibu.

Tumeshindwa. Nilisimama mpaka Lusia aliponiambia, huku machozi yakimtoka kwa kucheka, kwamba sasa naweza kukaa. Sikukaa. Yeye si mwalimu.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada Dorika amenikalisha chini na kunieleza polepole. Bibi wa Pumba si Mwalimu Theopista. Ni Maiko! Mjomba wa Lusia, yule wa mashine. Ujumbe wa Ijumaa ulikuwa unakwenda kwake. Lusia hajakataa hata kidogo. Amesema yeye hakunidanganya kitu, aliuliza na mimi nikajibu, tena kwa mpangilio mzuri.

Lusia ndiye mponyaji sasa. Jina lake limeshaandikwa kwenye bendera. Linakaa vizuri. Nimesema ukweli, linakaa vizuri.

Dorika hakunigombeza, na hilo ndilo limeniuma. Ameniuliza kama nimejifunza kitu. Nikasema nimejifunza sana. Akauliza nini. Nikasema nisimweleze mtu mambo yangu yote, na nisimwamini kila anayejitaja kwa jina kubwa. Akanishika bega. Akasema nikionyesha akili wiki hii, kuna nafasi ya akiba.

Kuna nafasi!

Jumatatu, 23 Juni

Nimefikiri tangu kumekucha, na nimegundua kosa. Kosa si langu, ni la Dorika. Yeye ana uhakika gani? Maiko anakoboa mpunga mchana kutwa kwenye kelele na vumbi. Atajulia wapi habari ya kazi ya likizo? Na ile koma baada ya "Marahaba"! Imekaa mahali pake kabisa. Mimi nadhani ni mwalimu kweli, anacheza kwa siri, anaona aibu, na Maiko anamfichia. Mwalimu mzuri ana haki ya kupumzika.

Na hata kama si yeye, mwanafunzi hawezi kujiweka hatarini namna hiyo. Nimeulizwa swali na sijalijibu tangu Jumamosi!

Basi nimemaliza kazi yote ya likizo leo asubuhi. Insha juu ya umuhimu wa nidhamu, ramani ya mkoa wetu, na maswali ya baiolojia. Nikamweleza Lusia kila kitu, na yeye, kwa moyo mweupe, akanipa namba ya Bibi wa Pumba. Ameniomba tu nikijibiwa nimsomee. Nikapiga picha ukurasa mmoja mmoja, nikatuma. Nikaanza na shikamoo. Nikamwomba pia, akimaliza kusahihisha, afikirie kuhamia kikosi chetu. Dorika atafurahi mno!

Majibu yamekuja mchana, wakati mashine za mpunga zinapumzika. Sijui kwa nini nimeiandika hiyo, haihusiani.

Amesema amesoma yote. Ramani imepinda. Insha haina chumvi. Baiolojia nimepata, ila nimepata vibaya. Nirudie kazi yote kwa mkono mzuri, na safari hii niandike nimesimama, maana ndivyo wanavyoandika wenye nidhamu.

Lusia ameangua kicheko mpaka bakuli limemwagika. Nimeacha kumuuliza, ana furaha ya asili. Kuku wamefika upande wa kulia. Nawaona vizuri kutoka hapa juu, lakini siwezi kuwafukuza, niko katikati ya kazi.

Wino unatiririka vibaya kidogo kwa sababu ya kuandikia ukutani. Magoti yanauma. Nategemea alama sabini.