Kadi za Kijani, Kadi za Njano

Jumatatu, 9 Septemba
Siku tano zimebaki mji wetu wa Wirrabool uchague diwani. Wagombea tuko watatu. Mimi, Selwyn Pomfret, mkaguzi mstaafu wa mabasi. Dusko, mwoka mikate, rafiki yangu wa miaka thelathini. Na Glenys Hartigan wa zahanati ya mifugo, anayetaka bwawa la kuogelea la mji lisifungwe. Mimi nataka kitu kimoja tu: kituo cha basi kiondolewe mbele ya geti langu. Kiliwekwa pale makusudi. Na nani, bado nachunguza.

Kwetu hatuweki alama ya vema. Unawapanga wagombea wote kwa namba: moja, mbili, tatu. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho hutolewa, na kura zake zinahamia kwa walioandikiwa mbili. Kwa hiyo siri yote iko kwenye mbili! Wenzangu hawajaligundua hilo. Au wameligundua na wamenyamaza.

Jumanne, 10 Septemba
Nimeanza na Dusko. Nimemkuta ana unga mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia awaombe watu wake waniandike mbili, nami wangu nitawaelekeza kwake. Akakubali haraka. Haraka mno! Mtu mkweli husita kidogo.

Mchana nikaenda kwa Glenys, kujikinga tu. Alikuwa anamkata paka kucha. Nikampa mpango uleule. Akauliza kama nimezungumza na mtu mwingine. Nikasema hapana. Paka akanikazia macho.

"Sawa, Mzee Selwyn," akasema. "Lakini mimi watu siwashikii penseli."

Maneno ya mafumbo. Nimeyaandika.

Jumatano, 11 Septemba
Kadi zimechapwa! Siku ya kura kila mgombea hugawa kadi kwenye mageti ya shule tunakopigia kura, kuwaonyesha watu jinsi ya kupanga namba. Zangu ni aina mbili. Za kijani: Selwyn moja, Dusko mbili. Za njano: Selwyn moja, Glenys mbili. Kijani geti la mbele la shule, atakapokuwa Dusko. Njano geti la nyuma, kwa Glenys. Hakuna atakayeona zote mbili.

Noreen, mke wangu, ameziona zote mbili. Nilizisahau kwenye meza ya jikoni. Akauliza ipi ndiyo ya kweli. Nikamwambia siasa ina mambo yake. Akasema, "Haya, bwana mkubwa," akaendelea kumenya viazi. Alimenya vingi kuliko kawaida. Anawaza nini?

Alhamisi, 12 Septemba
Nimekwenda kumwona msimamizi wa uchaguzi, Bi Thuy. Nikauliza, nikitolewa, fomu ya kuzihamishia kura zangu kwa nimtakaye iko wapi. Akasema hakuna fomu. Nikauliza tena, kwa sauti ya chini. Bado hakuna! Akanieleza polepole kwamba namba ni za mpiga kura. Kadi ni ombi tu. Mtu akitaka kuifungia chipsi, ni haki yake.

"Sasa kura zangu zitakwenda wapi?"

"Kule zilikoandikiwa, mzee. Na kila mtu kaandika yake."

Kwa nini ananificha fomu?

Ijumaa, 13 Septemba
Nimeshinda ndani ya gari, mkabala na duka la Dusko. Glenys aliingia, akatoka na pai. Dakika nne! Pai hununuliwa kwa dakika moja. Hizo tatu walizungumza nini?

Nimemwagiza Noreen, nikamwandikia kwa herufi kubwa: mimi moja, Dusko mbili, Glenys tatu. Akajibu, "Nimesikia." Nimesikia si ndiyo.

Jumamosi, 14 Septemba
Balaa! Nilimweka Noreen geti la mbele na kijani, mimi nyuma na njano. Mpaka saa nne mambo yalikuwa shwari. Kisha soseji. Wazazi wa shule waliweka jiko la kuchomea katikati ya uwanja, na watu wa mageti yote mawili wakakutana kwenye foleni ya soseji na mkate. Kila mmoja na kadi yake.

"We Selwyn!" mzee mmoja akapaza sauti, kashika kijani na njano. "Kwani nyinyi mko wawili?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Glenys naye alicheka. Dusko akazichukua kadi, akazisoma moja baada ya nyingine. Hakunikaripia.

"Ungeniambia tu, ndugu yangu," akasema, akaenda zake.

Heri angenitukana.

Jumapili, 15 Septemba
Matokeo. Glenys 412. Dusko 371. Mimi 198. Nikatolewa. Nikasimama nikatangaza kwamba, kwa heshima ya urafiki, kura zangu zote nampa Dusko. Bi Thuy akaniomba niketi. Akazifungua moja moja. Themanini na nne kwa Dusko. Mia moja na kumi na nne kwa Glenys! Glenys kashinda.

Watu wangu wenyewe! Mama mmoja niliyempa njano mkononi akaniambia kwa furaha kwamba mbili alimpa Dusko, maana anapenda mkate wake. Wa kijani walitaka bwawa. Nani aliwapanga?

Ndani ya gari nikamuuliza Noreen.

"Wewe moja," akasema. "Glenys mbili."

"Nilikuagiza Dusko!"

"Uliniagiza. Lakini naogelea pale kila Jumanne, Selwyn. Mwaka wa kumi na moja huu. Hujawahi kuniuliza kwa nini narudi na nywele mbichi."

Tukafika nyumbani. Miaka kumi na moja! Anaogelea na nani?

Jumatatu, 16 Septemba
Dusko kabisha hodi asubuhi, na pai ya nyama mkononi. Akasema yameisha, miaka thelathini haitupwi kwa sababu ya kadi. Machozi yakanilenga. Kweli.

Halafu nikaitazama ile pai. Kubwa! Mwezi ujao klabu ya mji, tuliyomo sote watatu, inachagua mwenyekiti, na huko pia tunapanga namba. Nikaelewa. Kabla hajafungua mdomo, nikamwahidi mbili za watu wangu wote. Dusko akacheka mpaka akashika ukuta.

Alipopinda kona tu, nikampigia simu Glenys, nikamwahidi yeye pia. La Dusko sikulitaja.