Sherehe Ndogo ya Esta

Jumatatu, 11 Julai 1977. Soweto, Mbeya.

Baridi! Maji ya ndoo yameota ngozi ya barafu. Nikiwa bado ndani ya blanketi, dada yangu Damari kanipa habari: Jumamosi binti yake Esta anatimiza miaka sita. Anataka sherehe ndogo. Neno "ndogo" kalirudia mara tatu, huku ananitazama. Chai, keki moja ya sufuria, rafiki mmoja wa Esta, basi. Kazi yangu ni kutafuta sukari. Kingine chochote nisiguse.

Sukari! Mimi, Isakwisa, karani wa ghala la mbegu, mtu anayejulikana mpaka Iyunga!

Lakini mwanaume wa nyumba hii kwa sasa ni mimi. Shemeji Kalinga, baba yake Esta, yuko Zambia na lori lake, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Na imekuja barua. Didas, mdogo wake Kalinga, anafika Alhamisi kutoka Iringa. Eti kumwona mtoto tu. Namjua Didas.

Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Esta ni mtoto mkimya. Anaweza kumaliza siku kwa maneno manne, na matatu atamwambia kuku. Nimekaa naye nyumba moja tangu yuko mgongoni. Hajawahi kuniita Mjomba. Akinihitaji ananivuta suruali. Lakini Didas, anayekuja mara mbili kwa mwaka, anaitwa "Baba Didi", tena kwa sauti inayosikika!

Jumamosi hii nitaitwa Mjomba. Nimeapa.

Jumanne, 12 Julai.

Nimefanya uchunguzi. Nilimkuta Esta uani anapanga kokoto, kubwa mpaka ndogo. Nikachuchumaa. Nikamuuliza anataka nini siku yake. Kimya. Mwanasesere? Kimya. Baiskeli? Akamtazama kuku. Anataka kuku? Akatikisa kichwa. Magoti yangu yalikuwa yameanza kulia ndipo akanong'ona neno moja.

Shanga!

Kumbe ni rahisi hivi! Baada ya kazi nikaenda Mwanjelwa mbio. Sikufikiri. Mwanaume mzima, tai shingoni, nikasimama katikati ya soko nikauliza kwa sauti shanga zinauzwa wapi. Akina mama wa ndizi wakageuka wote kwa pamoja. Mmoja akauliza ni za kiuno cha nani. Nikasema ni za mtoto. Basi walicheka mpaka mkungu ukaanguka. Mwingine akaleta kamba anipime mimi, eti huenda mtoto mwenyewe ndiye huyu mwenye tai. Nikajieleza. Kadiri nilivyojieleza ndivyo walivyozidi kuitana waje kusikia. Hatimaye bibi mmoja akanionea huruma, akanipa nyuzi tano, za kila rangi, akaniambia nipitie njia ya nyuma.

Nimezificha ndani ya kiatu. Didas hawezi kuleta kitu kama hiki.

Jumatano, 13 Julai.

Nimewaza sana. Zawadi bila hafla ni ugali bila mboga. Mtoto atajuaje kwamba anapendwa kama hakuna wa kushuhudia?

Saa ya chakula nikakaa kwenye taipureta ya ofisi, nikachapa mialiko. Mgeni rasmi: mjumbe wetu wa nyumba kumi. Nilipompelekea wake kakubali hapohapo, kauliza hotuba iwe ndefu kiasi gani. Burudani: kwaya ya kanisa. Mwalimu wa kwaya, Bartolomeo, akataka kujua nahitaji waimbaji wangapi. Nikasema wachache. Akanijibu kwa masikitiko kwamba kwaya haikatwi vipande, kwaya ni mwili mmoja. Mwili huo una watu thelathini na wawili. Nikasema karibuni.

Mkubwa wangu alinikuta nachapa. Akauliza Esta ni nani hata aandikwe kwenye karatasi ya ghala. Nikamjibu ni aina mpya ya mbegu. Sasa anataka sampuli Jumatatu.

Damari sijamwambia. Jambo zuri halihitaji kutangazwa mapema.

Alhamisi, 14 Julai.

Didas kafika na basi la mchana. Kamwene, kamwene, ile salamu ya kwao, meno yote nje. Zawadi yake? Kikapu kidogo cha Iringa, kilichosukwa kwa majani ya milulu, ukubwa wa bakuli. Basi! Nilicheka moyoni.

Esta akakipokea. Akakinusa. Akakivaa kichwani. Akasema, "Asante, Baba Didi." Na akatabasamu! Maneno matatu na tabasamu! Akiba ya siku nzima imekwenda kwa mtu wa Iringa!

Didas kaniuliza kwa upole kama kuna la kusaidia Jumamosi. Nikamwambia kila kitu kiko mikononi mwa wenyeji. Akasema vizuri, basi yeye atakaa na mtoto. Na kweli akakaa naye. Saa nzima, wote wawili wanapanga kokoto, hakuna aliyefungua mdomo. Mbinu gani hii? Nimewachungulia dirishani mpaka shingo imekaza. Sijaielewa.

Ijumaa, 15 Julai.

Siku mbaya. Lakini nianze mwanzo.

Damari alikuwa zamu hospitali mpaka jioni, nami niliomba ruhusa kazini. Nikapiga mahesabu: keki yake ya sufuria ndogo, kwaya thelathini na wawili. Haitoshi hata sauti ya kwanza. Nikaazima kanisani lile sufuria la kupikia ubwabwa wa misibani. Nikamimina unga wote, mayai yote, na sukari yote niliyoipangia foleni siku tatu. Mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Didas akapita, akasimama, akasema, "Shemeji, mkaa wa juu umezidi."

Nikaongeza mwingine.

Juu ilitoka mkaa. Katikati ilitoka uji. Nilimtupia kuku kipande, akakizunguka mara mbili, akaenda zake kulala. Saa saba mchana!

Nikakimbilia mjini, duka la vitambaa la Vinubhai, ambaye mke wake anasifika kwa keki ya iliki. Nikamweleza shida yangu, nikiruka sehemu ya mkaa. Vinubhai akauliza keki ni ya nani. Nikasema ya Esta, mtoto wa Damari nesi.

Nyuma ya majora ya vitenge kikachomoza kichwa cha mtoto wa kike, nywele mikia miwili.

"Esta?" kikauliza.

"Huyu ni Shanta, binti yangu," akasema Vinubhai. "Ndiye huyo rafiki aliyealikwa kesho. Mama Esta akija kununua kitambaa, hawa wawili wanajificha hapo chini wanapanga vifungo kwa rangi. Hawasemi neno, bwana. Mpaka tunasahau kama wapo."

Shanta. Si shanga. Shanta!

Nimepimwa kiuno mbele ya soko zima kwa ajili ya mtoto ambaye Damari alishamwalika tangu wiki iliyopita!

Mke wa Vinubhai akatoka, akanitazama masizi usoni, akasema keki itakuwa tayari kesho mchana, nisimlipe, nimwahidi tu kwamba sitaingia jikoni kwake kusaidia.

Jioni Damari akaona sufuria. Hakupiga kelele. Aliuliza tu sukari iko wapi. Afadhali angepiga kelele. Nilitaka kumwambia na habari ya kwaya, lakini niliona kachoka.

Jumamosi, 16 Julai. Siku yenyewe.

Saa tisa alasiri. Meza uani, keki ya Mama Shanta ina harufu ya kutoa mtu machozi. Esta na gauni la njano, kikapu kichwani. Shanta kafika, wameshikana mikono, hawajasalimiana hata. Damari anatabasamu. Nikamkabidhi Esta zile nyuzi za shanga, maana nifanye nini nazo? Akazitazama muda mrefu. Akazitia kikapuni.

Ndipo ngoma ikalia barabarani.

Walikuja wawili wawili, majoho meupe, Bartolomeo mbele anarudi kinyumenyume akiongoza kwa mikono. Nyuma yao mjumbe, koti la suti, karatasi tano za hotuba. Damari akanigeukia polepole.

"Kaka," akasema. "Hawa ni nani?"

Nikasema ni wageni wachache.

Mjumbe akaanza na historia ya kata. Akafika kwenye umuhimu wa kuchimba vyoo. Kwaya ikamjibu kwa wimbo wa beti tisa, kuku akaruka ukuta. Uani pakajaa hadi sauti ya nne ikaimba kutokea kwa jirani. Nikasimama juu ya stuli nimtambulishe mtoto wetu mpendwa. Nikageuka.

Hayupo. Na Shanta hayupo.

Damari akaweka birika chini. Bartolomeo akagawa kwaya: sauti ya kwanza mahindini, ya pili barabarani, besi zote mtoni. Besi mtoni wakaita "Esta!" kwa pamoja, vizuri sana, lakini hapakuwa na jibu. Nilikimbia mpaka kona, nikarudi. Nilijisemea: Isakwisa, ulitaka akuite, sasa wewe ndiye unayemwita naye haitiki.

Nikaingia chumbani kwangu kuchukua koti. Chini ya kitanda pakasikika kitu kinagonga sakafu. Tik. Tik.

Nikalala kifudifudi. Wamo! Wamekata nyuzi zangu zote tano, wamepanga shanga sakafuni kwa rangi, nyekundu, buluu, nyeupe, mistari imenyooka kama mahindi ya shamba la mfano. Kikapu kati yao kina zilizobaki. Esta akaniwekea shanga moja ya kijani kiganjani. Akanitazama. Akasema:

"Mjomba, waambie waondoke."

Mjomba!

Nimelia. Naandika bila aibu. Nimelia na vumbi la chini ya kitanda puani.

Sasa mtu mwenye akili angefanyaje? Nilichofanya mimi ni hiki: nilitoka mbio, nikatangaza uani kwamba mtoto kapatikana na kaniita Mjomba, nikaita kwaya nzima ije isikie mwenyewe! Waliingia kumi na wanne kabla mlango haujakwama. Nikamwomba arudie. Akafumba macho.

Didas ndiye aliyewatoa. Kwa upole wake ule ule, akachukua birika na vikombe, akaenda kusimama barabarani. Kwaya ikafuata chai. Mjumbe akafuata kwaya, akamalizia vyoo huko huko. Didas aliporudi, keki tukaila sisi watano, tumekaa sakafuni kwangu, kimya. Damari aliegemea bega langu. Ilikuwa nzuri sana, ingawa hakuna aliyetoa neno la shukrani rasmi.

Jumatatu, 18 Julai.

Didas karudi Iringa. Esta kamsindikiza mpaka kituoni. Nami kanivuta suruali nije.

Mkubwa kadai sampuli. Nimempa punje za mahindi ya kawaida, kasema zina sura nzuri.

Jioni Damari kanikalisha kitini. Kasema Esta hapendi watu wengi, hapendi makelele, anapenda kukaa na mtu mmoja aliyetulia. Kaniuliza kama nimeelewa. Nimeelewa kabisa. Kaniapisha kwa jina la marehemu baba: sitaandaa tena siku ya kuzaliwa ya mtoto yeyote. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Jumatano, 20 Julai.

Asubuhi hii Esta kang'oka jino la mbele. La kwanza! Damari kamwambia alirushe juu ya paa kama watoto wote. Karusha. Kaenda kunywa uji.

Basi! Jino la kwanza la maisha yake, bila hotuba, bila wimbo, bila mtu kusimama!

Nimekipima kile kiapo neno kwa neno. Kinataja siku ya kuzaliwa. Jino hakilitaji. Na nasikia Iyunga kuna bendi ya tarumbeta, watu kumi na wanane tu. Jumamosi, saa tisa. Kitu kidogo. Ngazi nimeshaazima kwa jirani, maana jino lenyewe lazima liwepo mezani.