Dawa ya Ufizi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametangaza. Chumba chake cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, Jumapili atampa mkwe mmoja afungulie biashara. Wakwe tuko wawili tu: mimi na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Muuza dawa yule! Koti jeupe hata sokoni. Mke wangu kanionya nitulie, nisibuni chochote, mama yake hunipenda zaidi nikinyamaza. Ninyamaze? Mimi?

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe anaumwa ufizi. Hatafuni hata mkate. Bahati iliyoje! (Namhurumia pia.) Nimepita kwa mwanyumba, nikamchimba kwa ujanja, akaropoka yote. Kumbe mimea ina asidi za fenoli; hata aspirini asili yake ni gome la mti. Maganda ya komamanga yana asidi inayopambana na vijidudu vya kinywani. Kisha, kidole juu, akasema dawa za kuchemsha nyumbani hazina kipimo, mgonjwa aende kwa daktari wa meno, na asidi hiyo isikutane na chuma. Anajitia kujua! Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kaficha sufuria zote. Hanijui! Nimechemshia maganda kwenye kikaango kikuukuu cha chuma. Nikaongeza siki, nikafunika, nikaacha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefunua. Nyeusi tii! Hiyo ni nguvu. Nimeitia kwenye chupa. Kuionja mwenyewe? Ufizi wangu hauna shida.

Ijumaa, 7 Machi
Nimempelekea. Asukutue kutwa, nikamwambia, wala asiwe na haraka ya kutema. Alishukuru. Miwani yake iko kwa fundi, kwa hiyo hakuuliza habari za rangi.

Jumamosi, 8 Machi
Simu! Ufizi umetulia. Ametafuna mkate. Ameniita mwanangu. Miaka yote hii, mwanangu! Nimelia kidogo, jikoni, peke yangu.

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Ukoo mzima sebuleni. Mama mkwe akasimama, akatabasamu. Meno yote meusi kama lami! Mjukuu akakimbilia chini ya meza. Mke wangu akaangusha sinia. Baba mkwe alikuwa ameona tangu jana, akaogopa kusema. Mwanyumba aliuliza jambo moja tu: nilichemshia kwenye nini. Nikamwambia. Akaeleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba asidi hiyo ikikutana na chuma inakuwa wino.

Mama mkwe akaomba kioo. Bila miwani, akakisogeza hadi puani, akajitazama. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema chumba alikuwa ameshaamua kunipa mimi tangu Jumatatu, maana mwenzangu tayari ana kazi. Kisha akamkabidhi mwanyumba ufunguo. Imeniuma sana.

Jumatatu, 10 Machi
Mke wangu hasemi nami. Mwanyumba kampeleka mama kwa daktari wa meno. Rangi itatoka, lakini taratibu. Nimekaa, nimejichunguza kwa uaminifu, na kosa langu nimeliona: dawa ile niliipeleka mdomoni. Mdomoni si mahali pake! Vidole vyangu nimevisugua kwa sabuni, kwa mchanga, weusi uko palepale. Baba mkwe ana mvi kichwa kizima, na nyumba ile ina chumba cha nyuma pia. Kesho asubuhi naenda kuomba radhi. Chupa nimeshaifunga vizuri.