Gurudumu Liitwalo Shida

Leo nimeaibika mbele ya akina mama kumi na wawili na projekta ya kanisa. Sijapona bado, ila naandika.

Mnaonijua mnajua nimezurura. Kahama, Geita, Mbeya, Tunduma, kote nimechomelea mageti ya watu. Mwaka huu nimerudi Bariadi nikafungua karakana na Neema, mtoto wa dada yangu, aliyesomea uhandisi. Tunabuni mashine ya kupandia pamba, ya kukokotwa na ng'ombe wawili. Yeye anachora kwenye kompyuta, mimi nachomelea. Leo kikundi cha wakulima kutoka Meatu kilikuja kuuona mchoro. Wakikubali, tunaitengeneza kabla ya mvua. Wakikataa, karakana inafungwa na mimi nabeba begi tena (begi lenyewe sijawahi kulifungua vizuri).

Asubuhi Neema akaenda kuazima projekta, laptop akaiacha wazi.

"Mjomba, usiguse kitu."

Sikugusa. Niliangalia tu. Nikaona kila sehemu ya mashine ina faili lake: P01, P02, P03. Roho ikaniuma. Vitu vizuri hivyo vinaitwa kama wafungwa! Kwetu hata ng'ombe wa jembe ana jina, na usipomwita kwa jina hageuki. Nikawakumbuka ng'ombe wa marehemu baba: Shida, Trekta na Mashaka. Basi gurudumu nikaliita Shida. Jembe la kuchana mfereji, Trekta. Mnyororo, Mashaka. Likabaki sanduku la mbegu, na ng'ombe wameisha. Nikalipa jina la kwanza lililonijia. (Mtaliona.)

Saa nne wageni wakafika. Mwenyekiti wao akashuka kwenye gari, nikamtambua palepale. Kabula! Kabula wa Mwanhuzi, niliyesoma naye sekondari. Nilimwahidi kwamba nitarudi baada ya mavuno, nikapotelea Kahama miaka ishirini na kitu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma, kama mama yeyote.

"Mwangaluka, fundi."

Fundi! Kama hanijui.

Neema akawasha projekta, akaifungua mashine ukutani. Yakamwagika maonyo mekundu: gurudumu halipo, jembe halipo, mnyororo haupo, sanduku halipo. Ikabaki fremu na mishikio miwili.

"Ndiyo hii?" akauliza mama mmoja wa mstari wa mbele. "Mbona imeshachunwa?"

Neema akanigeukia polepole. "Mjomba."

"Sikugusa! Nimebadilisha majina tu."

Akavuta pumzi, akatueleza sote. Kumbe mchoro wa mashine nzima haubebi sehemu zake tumboni. Unakumbuka tu kila sehemu inaitwaje na inakaa wapi. Ukiibadilishia jina kimyakimya, mashine inakwenda kubisha hodi, inakuta hakuna mtu.

"Haya, gurudumu umeliita nani?"

Mbele ya watu? "Shida," nikasema.

Wakaangua kicheko. Neema akaielekeza kompyuta: unalolitafuta ni hili hapa. Jamani! Gurudumu likatokea kusikojulikana likakaa kwenye ekseli, palepale pake. Na la upande wa pili likarudi lenyewe, maana yote mawili yanatoka kwenye faili moja. Kicheko kikakatika.

"Mayu wane!" akanong'ona yule mama wa mbele.

Mimi mwenyewe nilisahau aibu. Nimepita mikoa mingi, nimepoteza vitu vingi. Sijawahi kuona kilichopotea kikirudi mahali pake bila kukosea hata milimita moja. Trekta akarudi. Mashaka akarudi. Nilikuwa nimesimama mdomo wazi kama mtoto aliyeona ndege kwa mara ya kwanza.

"Na sanduku la mbegu?"

Nikakohoa.

"Mjomba, sanduku?"

"Litafute tu, liko hapohapo."

Akafungua folda. Ukutani, herufi kubwa kama kuku: KABULA WA MWANHUZI.

Vichwa kumi na kimoja vikamgeukia mwenyekiti. (Nilitamani umeme ukatike. Siku ukitakiwa haukatiki!)

Kabula akalitazama jina lake, kisha akanigeukia.

"Fundi, hilo sanduku linabeba kiasi gani?"

"Debe moja, mwenyekiti."

"Na jioni linaachwa shambani?"

"Hapana! Linarudi nyumbani kila siku."

"Haya. Liwekwe mahali pake."

Neema akabonyeza. Sanduku likatua juu ya fremu, mashine ikatimia, magurudumu yakaanza kuzunguka na mbegu zikadondoka moja moja kwenye mfereji. Akina mama wakapiga vigelegele. Kabula hakupiga. Akainuka, akasimama mlangoni.

"Tutengenezee moja ya kujaribia. Mwanhuzi uilete mwenyewe. Na usipitie Kahama."

Begi nimelifungua. Neema naye ameweka nywila kwenye laptop. Msinicheke, nimeshajaribu ng'ombe wote watatu, imekataa.